Siku Mama Aliposoma Skrini kwa Chapa za Ngamia

Kompyuta yangu ina sauti ya mwanamume mwenye mafua. Wageni wakija kwetu hapa Isiolo na kuisikia ikinisomea, huuliza kwa upole ni mgonjwa gani yuko chumba cha ndani. Mimi nimeizoea. Nilipoteza macho nikiwa kidato cha tatu, na kwa miaka kadhaa sasa huyo mwenye mafua ndiye macho yangu: nikibonyeza herufi anaitamka, nikifungua barua ananisomea, nikikosea ananiambia bila huruma. Simu za kugusa kioo sizitaki. Kioo laini kisicho na vitufe kwangu ni uwanja usio na njia, kwa hiyo mfukoni nina kabambe, simu ndogo ya vitufe, na wanaonicheka nimewaachia kicheko chao.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu. Ofisi zikifanya mikutano huko Sericho, Gotu au Rapsu, hurekodi wazee wakizungumza Kiborana, kisha hunitumia hizo rekodi. Nasikiliza, naandika kwa Kiswahili, narudisha. Ni kazi ya masikio na vidole, na nimeifanya vizuri kiasi kwamba kuna maofisa ambao hawajui hadi leo kuwa sioni. Jambo hilo nalifurahia kuliko inavyofaa. Kabla ya kompyuta, nilikuwa mtu wa kukaa kizingitini na redio, nikingoja kuwekewa sahani mapajani na kuambiwa nyama iko upande gani. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nililishwa kama mwana-mbuzi aliyefiwa na mamake. Kwa hiyo nikisema kwamba siku moja kompyuta ilinyamaza, ieleweke ni kitu gani kilichonyamaza.

Ndani yake kuna Linux, mfumo unaoendeshwa kwa amri za kuandika. Aliniwekea rafiki niliyesoma naye, akanifundisha amri zake kwa mdomo, nami nikazihifadhi kama watoto wa madrasa wanavyohifadhi, kwa kurudia mpaka ulimi uende wenyewe. Mashine yenyewe ni ya mkono wa pili, na betri yake ilikufa zamani. Inaishi kwa waya. Ukichomoa waya, inazimika hapo hapo bila kuaga. Nyumba nzima ilijua sheria hiyo: pale sebuleni kuna ekstensheni yenye matundu mawili, moja la televisheni na moja la kompyuta, na la kompyuta haliguswi.

Asubuhi hiyo nilianzisha apdeti ya mfumo, ile kubwa ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa wiki nyingi. Mwenye mafua akanisomea orodha ndefu, nikabonyeza kukubali, akaanza kazi. Nilijua itachukua muda. Nikachukua ndoo, nikaenda nyuma ya nyumba kuoga.

Nikiwa na sabuni kichwani nilisikia mtu mlangoni akisema salaam aleikum, na mama akiitikia kwa ile sauti yake ya furaha ambayo siku hizi haitoki mara nyingi. Alikuwa abuya, mjomba wangu, kaka ya mama, aliyetoka Sericho juu ya lori la mifugo tangu jana yake. Simu yake ilikuwa imezimika njiani, na kule nyumbani walikuwa wanangoja kusikia kama amefika. Mama akafanya anachofanya kila mwanamke wa kwetu. Mgeni hupewa maji, kisha chai, na siku hizi, kabla hata hajaulizwa habari ya malisho, hupewa soketi. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtu aliyetoka mbali simu yake ikiwa imezimika amekatwa na watu wake, na kumrudisha kwao ni sehemu ya ukarimu kama maziwa yalivyo.

Niliporudi ndani, maji yakinitiririka shingoni, kwanza nilitambua kwamba sisikii kile kifeni kidogo cha mashine. Nikapapasa ukutani hadi kwenye ekstensheni. Tundu la kwanza lilikuwa na plagi ya televisheni. La pili lilikuwa na chaja nisiyoijua, na waya wangu ulikuwa umelala sakafuni.

Nilipiga kelele. Nitaandika nilichosema kwa sababu nikikificha, habari hii haitakuwa na maana. Nilimwambia mama yangu, mbele ya kaka yake, "Una macho mawili mazima na huwezi kutofautisha waya mbili?"

Mama akasema, "Nimetoa ya TV." Kisha nikamsikia akiinama kwenye ekstensheni. "Nilidhani nimetoa ya TV."

 Nilimsikia abuya akichomoa chaja yake mwenyewe, akaikunja, akasema hiyo chaji iliyoingia inatosha, na kwamba ataenda msikitini mapema. Adhuhuri ilikuwa bado mbali. Watu wetu wakitukanwa ndani ya nyumba ya ndugu huondoka hivyo, kwa adabu, kwa sababu ya swala. Nilijua nimemvunjia mama heshima mbele ya mtu aliyemlea. Aibu niliiona ikija, lakini hasira ilikuwa imetangulia, nami nikaifuata.

Nikarudisha waya, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kwa kawaida, nikihesabu polepole, kabla sijafika sitini mwenye mafua hukohoa neno lake la kwanza. Nilihesabu hadi mia tatu. Kifeni kilizunguka, mashine ikapata joto, na hakuna aliyesema kitu. Nikazima, nikawasha tena. Nikahesabu tena. 

Apdeti inayokatwa katikati ni kama kuhama na kuvunjiwa safari njiani: vyombo vingine vimefika, vingine vimebaki kambi ya zamani, na hakuna anayejua kilicho wapi. Mara nyingi inarekebishika. Rafiki yangu alinifundisha amri yenyewe. Lakini ili urekebishe lazima ujue mashine inakuambia nini, na mashine yangu sasa ilikuwa inaandika tu, kwa macho ambayo sina. Nilimpigia rafiki, ambaye kazi imempeleka mbali, nikaambiwa mteja hapatikani. Jirani yetu anayejua kusoma ni mwalimu, na wakati huo alikuwa darasani. Nikakaa kwenye kiti nikaweka mikono magotini. Nikaanza kufikiria kizingiti na redio.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Huwa najua kwa harufu ya udi kwenye shuka yake.

"Niambie nitazame nini," alisema.

"Ayo," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita mama, "wewe hujui kusoma."

"Kusoma sijui. Sijakwambia sijui kutazama."

Akavuta stuli, akaketi karibu yangu. Akanikumbusha, bila kupandisha sauti, jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tangu utoto bila kulitia maanani. Alipokuwa msichana huko Sericho, siku za kunywesha, ngamia wa watu wengi walikuwa wanachanganyika kisimani. Yeye ndiye aliyewekwa kuwatenga, kwa sababu alijua chapa za kila ukoo na kila nyumba, zilizochomwa shingoni, shavuni au pajani. Kuna zinazofanana, zikitofautiana kwa kimkia kidogo tu, na ukikosea unaanzisha ugomvi.

"Hizi herufi zenu ni ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita."

"Basi ni chache. Lete mkono."

Nikampa kiganja. Akakikunjua, akaanza kuchora juu yake kwa kidole alichokiona kwenye skrini, na kila alama akiipa jina lake. Fimbo iliyosimama. Duara. Duara lenye mkia ulioinama chini. Fimbo fupi yenye nukta kichwani. Nusu mlango. Mimi niliona hadi kidato cha tatu, kwa hiyo maumbo ya herufi ninayo kichwani. Nikaziunganisha: login. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imeamka bila sebule yake ya picha na bila sauti yake, imesimama mlangoni inauliza mimi ni nani.

Nikaandika jina langu, kisha neno la siri. Nikaandika amri ya kuendelea na apdeti, nikamuuliza mama mashine imejibu nini.

"Ya kwanza ni kitana cha meno matatu, kimelala upande," alisema, akanichora. Hiyo ni E, na mstari ukianza kwa E ni kosa. "Halafu nukta mbili, moja juu ya nyingine. Halafu tumbo lenye fimbo nyuma, imekwenda juu. Hii nyingine ni tumbo lenye fimbo mbele, imeshuka chini. Hii..." Akasogea karibu na skrini. "Hii ni chapa ya watu wa shemeji yangu, kabisa. Fimbo, na miguu miwili imepanuka."

Nilipofika kwenye herufi ya nne nilijua. Ni lile jina, dpkg, la kile kinachopanga vyombo vya mfumo, na kosa lenyewe lilikuwa linasema kimekatizwa kazi, na linataja amri ya kukirudisha kazini. Ndiyo ile ile niliyoihifadhi. Sikuhitaji kusomewa zaidi. Nikaiandika kwa vidole vilivyokuwa vimepata nguvu, nikabonyeza.

"Yanakimbia," mama alisema. "Yanapanda juu kama mbuzi wameona maji. Mimi siwezi kushika moja."

"Usishike. Ukiona yamesimama niambie."

Tukakaa hivyo, mkono wangu bado uko mapajani mwake. Ningeweza kumwomba msamaha wakati huo. Nafasi ilikuwepo, na hakukuwa na mtu mwingine. Badala yake nilimwambia asogee asizibe upepo wa kifeni.

"Yamesimama," alisema baadaye.

"Mwisho kabisa kuna nini? Tafuta alama kama nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo." Alama hiyo ya dola ndiyo mashine huiweka ikimaliza kazi, kumaanisha inangoja amri mpya.

Akatafuta. "Hakuna."

"Tazama vizuri."

"Natazama. Kuna maneno tu, yamejaa hapa katikati. Nyoka hakuna."

Tukangoja. Nikamuuliza tena, na tena. Akanichorea vipande vya maneno vya katikati ya skrini ambavyo havikunisaidia. Robo saa ikapita, kisha nyingine. Niliweka kiganja juu ya mashine, ilikuwa imepoa, maana yake haifanyi kazi yoyote. Nikaamua imekwama. Nilijua kwamba nikiikata mara ya pili katikati ya kazi, pengine ndio mwisho wake, lakini kungoja kulikuwa kumenishinda. Nimeumbwa hivyo, subira yangu ni fupi. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Abuya alikuwa ametoka msikitini. Alikuwa ameingia kimya na kuketi mkekani nyuma yetu, upande wa pili wa chumba, na sijui alikuwa hapo kwa muda gani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo watu wa mashamba. Sisi hatuna jembe la kumpa, lakini hesabu ya siku tunaiheshimu, na siku ya kwanza mgeni hatumwi hata kuokota kijiti. Kwa hiyo sikuwa nimemwomba kitu. Baada ya maneno yangu ya asubuhi, nisingethubutu pia.

"Dada," alisema, "na hiyo ya chini mbona huisemi?"

"Ipi?"

"Hiyo ya chini kabisa, upande huu wa mlango. Kuna ndoano imesimama juu ya nukta, na mbele yake kitu kinapepesa kama jicho."

"Wapi?"

"Hapo. Karibu na kidole chako."

 Nilisikia mtandio wa mama ukisugua bega, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anageuza kichwa chote, kidogo kidogo, kama kuku anayetafuta punje, akitafuta kitu ambacho kaka yake alikiona kutoka ng'ambo ya chumba.

Mimi naijua sauti hiyo. Niliitoa mwenyewe darasani kidato cha pili, kola ya shati ikisugua shingo, nikitafuta ubaoni neno ambalo wenzangu walikuwa wameshaliandika. Macho yangu hayakuzimika kama taa. Yalianza pembeni. Kingo za dunia zililiwa, pande zote, hadi nikawa natazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilicho katikati nakiona sawasawa, hata uzi wa sindano, na kilicho kando hakipo. Kabla ya hapo nilishindwa kuona jioni, giza likianza tu kuingia. Daktari wa macho alipokuja kutueleza, alisema ni ugonjwa wa damu, unatembea ndani ya ukoo. Mama alikuwa ameketi kando yangu alipotafsiriwa hayo, na hakuuliza swali hata moja.

Yote yakanijia kwa pamoja pale kwenye kiti. Mama alikuwa ameacha kwenda kwa jirani baada ya magharibi, akisingizia magoti. Chai ilikuwa inamwagika nje ya kikombe, nami napapasa meza yenye maji na kujiambia kwamba amezeeka. Stuli alikuwa anaigonga kila mara, ile ile, na kuilaani. Nilikuwa na ushahidi wote chini ya mikono yangu na sikuusoma. Niliogopa sana. Hofu yenyewe haikuwa na uhusiano wowote na mashine, ingawa kidole changu kilikuwa bado kiko kwenye kitufe.

"Nimeiona," mama alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ni ndoano kweli."

Ndoano juu ya nukta ni alama ya kuuliza. Mashine haikuwa imekwama. Ilikuwa imeuliza swali, kama nataka faili yangu ya zamani ibaki au iwekwe mpya, na muda wote huo ilikuwa inangoja jibu kwa adabu. Nikabonyeza kitufe cha kukubali ya zamani ibaki. Mbuzi wakaanza kukimbia tena. Abuya, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu bila kualikwa, ndiye aliyetuambia waliposimama, na ndiye aliyemwona nyoka kwenye fimbo yake.

Nikaizima mashine kwa amri, kwa taratibu zote, nikaiwasha. Nikahesabu. Sikufika hamsini. Mwenye mafua akasema neno lake, kwa sauti ile ile mbaya. Abuya akamshukuru Mungu kwa niaba yetu sote.  Kazi yangu ilikuwa imerudi, pamoja na kusimama kwangu mwenyewe, nami nilikuwa nimekaa hapo natamani kulia.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilimsikia akishika mwimo wa mlango kabla ya kupita.

Nilimwomba abuya anipe chaja yake. Akasema haina haja, atachaji sokoni. Nikanyoosha mkono na kuuacha hapo hadi akanipa, nikachomoa televisheni, nikamchomekea simu mimi mwenyewe, nikamwambia nimekosa adabu na anisamehe. Akasema mtoto hana kosa kwa abuya yake. Kisha akaongeza, taratibu, "Nenda kwa mama yako."

Jikoni alikuwa anakoroga chai. Nikasimama karibu na jiko, nikamuuliza imeanza lini. Hakujifanya hajaelewa.

"Mvua iliyopita ilikuwa bado haijanyesha," alisema. "Na ile ya kabla yake pia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kwanza wewe usimame. Ungejua, ungeacha kazi yako, ungeanza kunishika mkono. Nani sasa atashika nani?"

Nikamwambia maneno ya asubuhi yananichoma. Akasema ameshayasahau, jambo ambalo si kweli, na akaniambia nisilie juu ya chai ya mgeni. Akanipa kikombe mkononi. Alikielekeza vizuri, kikombe kilikuwa katikati yetu, pale anapoona.

"Wewe ilianza pembeni," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi pia. Na katikati, pale ulipobaki unaona, palikaa muda gani?"

Swali hilo hakuwahi kuniuliza mtu. Macho yangu yalipokuwa yanaisha nilikuwa shule ya bweni, nikimficha yeye kama alivyonificha mimi, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua. Alinigeukia. Nilihisi pumzi yake usoni, na nikajua amenipanga sawasawa katikati ya kile kinachomsalia.

"Miaka minne," nilisema.

"Minne." Aliipima. "Ngamia anazaa mara mbili hapo. Si haba."

Akachukua kikombe cha kaka yake, akaenda nacho sebuleni akihesabu hatua kwa kunong'ona. Nilibaki jikoni na changu. Kwangu mimi, pale katikati hapakufika mwaka.